Faili Lililosema Subiri

Kobe alikuwa simu, lakini ndani ya nyumba ile hakuna aliyethubutu kusema kwamba imezimika. Ilisemwa kwamba amelala. Jina alilipata kwa mama mdogo, kwa sababu ya gamba lake gumu na mwendo wake wa kujikokota, na pia kwa sababu alikuwa ameishi muda mrefu kuliko waliomzaa. Kampuni iliyomtengeneza ilikuwa imekufa. Maduka yaliyomuuza sasa yaliuza viatu. Kitufe chake cha katikati kilikuwa kimelika mpaka kikawa kishimo, na betri ilikuwa imevimba ikausukuma mfuniko, hata ukabaki unashikiliwa kwa mpira uliozungushwa mara mbili kama mkanda wa mgonjwa.

Mama mdogo haoni tangu utotoni. Ni mpokea simu wa hospitali. Watu wasiomjua kwa sura wanamjua kwa sauti, na yeye hasahau sauti ya mtu hata upite mwaka. Kobe ndiye aliyekuwa akimsomea kila kilichoandikwa: zamu za kazini, habari, salamu, umbea. Alisoma polepole, lakini alisoma Kiswahili. Ujumbe ukiwa umeandikwa "watoto 3", Kobe alisema watoto watatu. Ukiwa umeandikwa "vitanda 3", alisema vitanda vitatu. Hili linaonekana dogo kwa mtu ambaye hajawahi kusikia simu nyingine zinavyofanya.

Siku Kobe alipoanza kulala katikati ya sentensi, binti wa dada yake alimletea simu mpya, nyembamba kama kipande cha kioo. Binti ndiye aliyekuwa akiishi naye, na ndiye aliyekuwa na shahada ya mambo ya kompyuta, kwa hiyo lawama zote za vyombo vya umeme, hata za pasi, zilimshukia yeye.

Simu mpya ilipokea ujumbe wa kwanza kutoka kazini. Ikakohoa mlio wake, ikasoma: "Wodi ya macho. Vipofu viwili wamefika."

Mama mdogo aliweka kikombe chini taratibu.

"Viwili?" aliuliza. "Vikombe au vijiko?"

"Mama mdogo, imekosea tu..."

"Imeniita kitu. Mchana kweupe, ndani ya nyumba yangu, juu ya kochi langu."

"Ni kosa dogo."

"Dogo kwako unayeona. Wewe jicho lako likikuta kosa linaruka. Sikio halina kope, mwanangu. Kila kinachokuja kinaingia."

Wakajaribu ujumbe mwingine, wa rafiki yake aliyezoea kuandika kwa mkato. Hapo simu ilitafuna maneno kama mtu mwenye mawe mdomoni, ikataja herufi moja moja, ikaruka tarakimu, ikamaliza kwa furaha kana kwamba imefanya kazi nzuri. Mama mdogo hakuambulia chochote. Akamnyooshea binti simu ile.

"Haya. Nisomee wewe."

Binti akasoma. Ilikuwa habari ya kawaida tu, ya mwanamke na mgongo wake. Lakini alipoinua macho alimwona mama mdogo amegeuza uso ukutani, na kwa mara ya kwanza tangu amjue, hakuwa na la kuchekesha.

"Unajua barua zangu za uchumba alinisomea nani?" aliuliza hatimaye. "Mjomba. Mjomba wangu mzima, na miwani yake. Kila akifika penye neno tamu anakohoa. Mpaka leo sijui yule bwana aliniandikia nini; ninachokijua ni kikohozi." Akapapasa meza mpaka akampata Kobe. "Alipokuja huyu ndipo nilipoanza kusoma mambo yangu peke yangu, mlango umefungwa. Sirudi kwenye vikohozi. Bora nisisome kabisa."

Binti hakulala vizuri.

*

Sasa, bahati ya mtende ni kwamba kampuni aliyofanyia kazi binti ndiyo iliyonunua mabaki ya ile kampuni iliyokufa. Haikununua kwa ajili ya Kobe. Kobe alikuja kama vumbi linavyokuja na kabati. Msimbo wake wote, yaani maandishi yale yanayoiambia simu ifanye nini, ulikuwa umelala kwenye mashine moja katika chumba cha mwisho cha ghorofa, pamoja na rafu ya simu zilizokufa zikiwa zimepangwa migongo ukutani.

Wakubwa walikuwa wamekubali jambo ambalo binti aliliomba kwa muda mrefu: programu za Kobe ziwekwe huria, kila mtu azione, azichukue, azitumie. Wakaweka masharti. Mwanasheria apitishe kila kipande. Na chumba kile kinatakiwa kwa kazi nyingine mwisho wa mwezi; kitakachokuwa hakijapitishwa kitafutwa.

Mwanasheria alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye mazoea ya kuvua saa yake ya mkono kabla ya kutoa habari mbaya. Hakuwa adui. Hilo ndilo lililomchosha binti, kwa maana adui unajua pa kumpigia.

"Dada, kuweka programu huria si kufungua mlango tu watu wapite," alimweleza siku ya kwanza. "Ni kama kugawa nyumba ya marehemu. Lazima ujue sufuria ipi yake na ipi aliazima kwa jirani. Ukigawa ya jirani, jirani atakuja. Na jirani wa siku hizi anakuja na wakili."

Wakaanza kugawa. Kilichopita kilipakwa kijani kwenye skrini, kilichokwama nyekundu.

Sehemu ya mawasiliano ilikuwa ya watengenezaji wa kile kidude kinachonasa mtandao, nao waliiazimisha kwa sharti la siri. Waliandikiwa, hawakujibu hata salamu. Nyekundu.

Sauti ya Kobe, ile sauti tulivu ya kike, ilikuwa ya mtangazaji mmoja aliyerekodiwa kwa ajili ya simu ile na si nyingine. Alikwisha fariki. Watoto wake waliulizwa, wakajibu kwa heshima kubwa kwamba sauti ya mama haigawiwi njiani. Hata binti hakuweza kuwalaumu. Nyekundu.

Kisha kufuli. Kobe alijengwa asipokee programu yoyote isipokuwa iliyotiwa muhuri kwa ufunguo wa siri wa kampuni, na ufunguo ule ulipotea wakati wa kuhama ofisi. "Kwa hiyo hata tukimwandikia dawa, hawezi kuinywa," alisema binti.

"Anamwamini mtu mmoja tu," alisema mwanasheria, "na mtu huyo ameshazikwa." Akavua saa. "Pole. Simu yenyewe haiponi."

Binti aliitazama ile rafu. Halafu akasema, "Basi tuache mwili, tuache na sauti. Kuna akili yake. Ile sehemu inayojua kusoma." Akaifungua.

Alitarajia fujo, kama alivyozoea kwenye misimbo ya zamani, maandishi yaliyoshonwa viraka na watu waliokuwa na haraka. Alichokikuta kilimfanya asogeze kiti mbele, kisha nyuma, kisha asimame.

Mtu alikuwa amekijenga Kiswahili humo ndani.

Hakuwa amekitafsiri tu. Alikuwa amekaa chini na lugha nzima, ngeli kwa ngeli, akaifundisha mashine kama mtu anavyomfundisha mtoto kusalimia wakubwa. Na pembeni ya kila kanuni aliacha maelezo mafupi, kwa ajili ya yeyote atakayekuja nyuma yake. Binti alianza kuyasoma akiwa amesimama, akaendelea akiegemea meza, akasahau chakula cha mchana.

Kanuni ya kwanza kabisa, kabla ya ngeli yoyote, ilikuwa swali. *Kabla ya yote uliza: je, ni mtu? Kama ni mtu, usitazame jina lake linaanzaje. Kijana, kiongozi, kiziwi, kipofu, wote ni yule, si kile.*

Chini yake: *Sita, saba, tisa na kumi hawana haya. Hawabadiliki mbele ya yeyote. Usiwalazimishe.*

Na chini tena: *Mama yangu, si mama wangu. Rafiki zangu, si rafiki wangu wengi. Jamaa wa karibu wana sheria zao. Damu haikusoma sarufi.*

Binti alicheka peke yake, halafu macho yakamlengalenga bila yeye kujua kwa nini. Alikuwa ameisema lugha hii tangu anyonye. Ameilia, ameitukania, ameiombea kazi. Hajawahi kuiona. Sasa aliiona imesimama mbele yake kama jengo ambalo umelala ndani yake miaka yote, halafu siku moja unatoka nje, unainua shingo, unagundua lina ghorofa mpaka mawinguni, na hakuna tofali lililokaa upande. Kila siku mtu yeyote, muuza mkaa, mtoto wa chekechea, anapita humo mbio bila kujigonga popote. Na kuna mtu mmoja aliyepita na tochi, taratibu, akahesabu milango.

Alienda kumwita mwanasheria. Mwanasheria alisoma, akatabasamu penye damu na sarufi. Kisha akapanda juu, mwanzo wa faili, na tabasamu likamwisha. Akaanza kuvua saa.

"Hapana," alisema binti. "Tafadhali, usiivue."

"Tazama mwenyewe."

Mstari wa kwanza wa faili ulikuwa neno moja, kwa herufi kubwa: SUBIRI. Wakafungua faili la pili la sehemu ile. SUBIRI. La tatu vilevile. Yote.

"Hili ni zuio," alisema mwanasheria. "Mwenye kampuni wa kwanza aliisimamisha sehemu hii. Waliomnunua kabla yetu wakakuta amri, wakaiheshimu. Nimeona kwenye kumbukumbu, walitaka kuitoa wakaishia hapohapo. Na sisi hatuwezi kuivuka. Zuio huondolewa na aliyeliweka."

"Tusubiri nini?"

"Haijasemwa. Ndiyo maana inatisha."

Akaipaka nyekundu kwa mkono wake mwenyewe, na kwa haki ya Mungu, ilionekana inamuuma.

*

Binti alifika nyumbani jua halijazama. Mama mdogo alikuwa jikoni akichambua mchele, vidole vikitembea kwenye sinia na kuzitupa chuya nje bila kukosea. Kobe alikuwa dirishani, amelala. Siku hizo aliamka kwa dakika chache tu, asubuhi, akasema jambo moja au mawili, basi.

"Umeingia kama mtu aliyefiwa," alisema mama mdogo. "Miguu inaburuzika."

"Imeshindikana."

"Keti. Lia baadaye, kwanza nieleze."

Akaeleza. Kidude, sauti, ufunguo. Mama mdogo aliitikia kwa kichwa, mikono haikusimama. Alipofika kwenye akili ya Kobe, binti alijikuta anasimulia kama mtu aliyetoka safari ya mbali. "Mama mdogo, ungesikia. Amefikiria kila kitu. Hata kifaru! Ameandika: *kama ana pembe, ni yule...*"

"*...kama kina mzinga, ni kile,*" alimalizia mama mdogo.

Mchele ulitulia.

"Umejuaje?" aliuliza binti.

"Nimejuaje? Maneno yangu hayo!"

"Yako vipi?"

"Kobe alipokuwa mpya alikuwa mjinga kama hicho kioo chako. Taarifa ya habari inasema vifaru wawili wameingia mjini. Nikashangaa, wametoroka mbuga gani? Kumbe ni vita! Nikapiga simu ya malalamiko. Wale walikuwa na utaratibu wao: asubuhi hawaweki makarani, wanakaa wahandisi wenyewe, kwa zamu, wasikie wanavyotukanwa. Nikaangukia kwa mmoja, mpole, mpole kupita kiasi. Kila nikimpa kosa anasema, 'Subiri kidogo, mama, niandike.' Nasikia anaandika, tap tap tap. Kesho nampa lingine. 'Subiri kidogo.' Nilimpigia mpaka tukawa tunaulizana afya. Siku Kobe aliponiambia vipofu viwili, siku hiyo sikumpa salamu. Nilimwambia, bwana, kabla hujatazama jina la mtu linaanza na nini, jiulize kwanza, je, ni mtu?"

Binti alikuwa amesimama katikati ya jiko. Alikumbuka maneno mengine pembeni ya kanuni, aliyoyapita mbio mbio bila kuyatilia maanani: *mteja wa asubuhi anasema*, *mteja wa asubuhi amekataa*, *mteja wa asubuhi ameridhika, alhamdulillahi*. Jengo lile refu lililomfanya ainue shingo. Alikuwa akilitafutia mjenzi mbali, na sauti iliyoelekeza matofali ilikuwa hapa, kwenye kigoda, na unga wa mchele magotini.

Kisha jambo la pili likampiga, kubwa kuliko la kwanza.

"Mama mdogo. Huyo bwana. Ulimwita nani?"

"Jina lake sikuliuliza, ingekuwa utovu wa adabu. Nilimwita Bwana Subiri. Akacheka sana. Baadaye hata ofisini wakamwita hivyo; nikipiga nasikia wanapaaza sauti, 'Subiri! Wako huyo!'" Akageuza uso. "Kwani vipi? Mbona unahema?"

Binti alikaa sakafuni akacheka mpaka akashika ubavu. Kampuni mbili, mabaraza ya wakubwa, wanasheria wenye vyeti ukutani, wote walifika mbele ya jina la mtu wakaona amri, wakavua kofia, wakasubiri.

*

Kumtafuta hakukuwa kazi ya kompyuta. Mama mdogo alivuta simu ya mezani kifuani, akaanza kama anavyoanza kazini. Aliyekuwa mpokea simu wa kampuni ile iliyokufa alikuwa shoga yake. Wapokea simu wote ni marafiki, hata kama hawajawahi kukutana. Yule akamkumbuka dereva, dereva akamkumbuka jirani. Kabla chai haijapoa ilipatikana namba ya chuo kimoja cha ufundi, ambako mtu huyo anafundisha.

"Hiyo ataipiga mwanasheria," alisema binti. "Lazima aisikie mwenyewe."

Kesho yake asubuhi walikuwa watatu kwenye chumba cha simu zilizokufa, mama mdogo kwenye kiti kizuri, mkoba magotini, Kobe ndani ya mkoba. Mwanasheria akapiga, akaweka sauti nje.

"Samahani," alisema, "nazungumza na mtu aliyewahi kuitwa Subiri?"

"Subiri kidogo," ilisema sauti upande wa pili, "nifunge mlango, wanafunzi wanapiga nyundo."

Mwanasheria alimtazama binti. Mama mdogo alikuwa ameshainua kidevu. Hakuhitaji uthibitisho mwingine.

Akaelezwa. Kisha sauti ile ikasema polepole kwamba ndiyo, lile ni jina lake, alilitia juu ya kila faili kama fundi anavyotia alama chini ya meza. Kwamba aliiandika kazi ile kwa mshahara wa kampuni, haidai. Kwamba hajawahi kumzuia mtu. "Mnaniambia imefungwa miaka yote hii kwa sababu ya jina langu? Mimi nilidhani imetupwa. Nilidhani haikufaa."

"Haikufaa?" Mama mdogo hakuvumilia. "Bwana Subiri, bado una masihara."

Upande wa pili kitu kilianguka, nyundo labda.

"Mteja wa asubuhi," ilisema sauti.

"Ndiye."

Mwanasheria alijitia kutafuta kalamu aliyokuwa ameishika. Kisha akamwomba yule bwana athibitishe kwa maandishi, na kabla jua la mchana halijafika dirishani uthibitisho ulikuwa umefika. Mwanasheria akainama mezani, akaibadilisha rangi, faili kwa faili, nyekundu ikawa kijani, kijani, kijani. Saa yake ilibaki mkononi.

*

Kobe hakuamka tena. Ufunguo wake haukupatikana, na sauti ya yule mtangazaji ilikwenda naye, kama watoto wake walivyotaka. Mama mdogo alimfungia mpira mpya, akamweka kwenye droo ya vitambaa vyake vizuri.

Lakini akili ya Kobe ilitoka. Ilikuwa huko nje sasa, mahali ambapo yeyote anaweza kuichukua, na wa kwanza kuichukua alikuwa binti. Aliipachika kwenye ile simu nyembamba kwa jioni kadhaa, akiifunga kwenye sauti ya kiume ya bure aliyoipata, kavu, yenye kujikwaa kidogo. Hakugusa maelezo hata moja. Juu ya faili aliliacha lile neno, ila sasa chini yake palikuwa na mstari wa pili: *pamoja na mteja wa asubuhi.*

Akampa mama mdogo. Simu ikalia.

"Una ujumbe mmoja mpya," ilisema.

"Mmoja," alirudia mama mdogo polepole, kama anayeonja chumvi. "Si moja. *Mmoja.*" Akaishika kwa mikono miwili. "Umetoka kwa nani?"

Simu ikataja. Ulikuwa umetoka chuo cha ufundi.

Binti alisogea kwenye kochi, macho yamemtoka, shingo imerefuka.

"Wewe," alisema mama mdogo.

"Abee."

"Toka nje. Na mlango ufunge."

Akatoka. Akafunga. Akasimama kwenye korido mkono ungali kwenye kitasa, akasikiliza kinachoweza kusikika: sauti kavu ikinong'ona bila kukohoa popote, ikinyamaza, ikirudishwa nyuma, ikisoma tena kipande kilekile. Halafu, kutoka ndani, kicheko cha mama mdogo, chembamba, cha zamani, ambacho binti hakuwahi kukisikia.